Kitabu cha pili: kwa nini miendelezo mingi ya fantasia huboa, na ipi haitakuangusha

Ukikulia Bariadi, Maswa au Meatu, kuna uwezekano mkubwa umewahi kusimuliwa habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote na mifugo yote duniani. Alibaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye rundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza swali dogo tu: mama, mbona tuko wawili peke yetu?

Alipojibiwa, akaanza kulisaka zimwi. Siku ya kwanza akarudi na panzi, anashangilia kwamba kaliua. Mama akamwambia huyo ni panzi, tumchome tumle. Siku nyingine akaja na ndege, kisha na swala. Mwishowe akalikuta lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima, baba yake akiwemo.

Filamu nyingi zingeishia hapo. Wasukuma hawakuishia hapo. Wakati wa kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja aliyekuwa humo tumboni. Bibi akawaka. Akamtukana kijana, akajaribu hata kumroga, na ikabidi kijana alindwe na marafiki zake. Baadaye akatafuta dawa akamponya yule bibi, ndipo watu wakamkalisha kwenye kiti cha utemi.

Shika hilo sikio. Ndilo linalotenganisha mwendelezo mzuri na mbovu katika riwaya za fantasia za vijana, yaani zile za uchawi, falme na viumbe wa ajabu ambazo mhusika mkuu ni wa rika la sekondari.

Tatizo la kitabu cha pili

Kitabu cha kwanza kina kazi nyepesi. Kijana wa kawaida anagundua ana nguvu, anafundishwa, anapigana, anashinda. Msomaji naye anaingia kwenye dunia mpya, kila ukurasa una kitu hajawahi kukiona.

Kitabu cha pili hakina hiyo bahati. Dunia tayari unaijua, zimwi limeshakufa, na mwandishi mara nyingi ameahidi vitabu vitatu. Mvivu anatafuta zimwi kubwa kuliko la kwanza. Au anawatembeza wahusika kurasa 400, wanagombana, wanapatana, halafu kitabu kinakatika pale pale mambo yanaponoga ili ununue cha tatu. Kama unafuatilia hadithi za WhatsApp, ile "itaendelea" unaijua vizuri. Tofauti ni kwamba kule unasubiri kesho jioni, huku unasubiri miaka miwili na hela yako imeshaenda.

Mwandishi mzuri anauliza swali jingine: ule ushindi wa kitabu cha kwanza ulimkata nani sikio?

Angalizo: kuanzia hapa nitafichua kidogo yaliyomo kwenye vitabu vya kwanza.

Akata Warrior, Nnedi Okorafor (2017)

Huu ndio ninaoupenda kuliko yote, na nadhani msomaji wa Simiyu ana sababu zaidi ya kuupenda.

Kitabu cha kwanza, Akata Witch, kilitoka mwaka 2011. Sunny Nwazue ana miaka 12, amezaliwa New York na anaishi Nigeria. Ana ualbino. Anapenda mpira kufa, lakini hawezi kucheza juani. Kisha anagundua kwamba ni mmoja wa watu wa Chui, jamii ya siri yenye uchawi, na akishaingia humo jua linaacha kumuunguza. Anacheza mpira mchana kweupe.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunajua watu wenye ualbino walivyowindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya imani za kishirikina. Kwenye habari zetu wanaonekana zaidi kama wahanga. Okorafor anachukua mambo yale yale mawili, ualbino na uchawi, anayageuza: binti mwenye ualbino ndiye mwenye nguvu, ndiye anayekwenda kuokoa wengine. Hakuna hotuba ya haki za binadamu humo ndani. Unamfuata tu Sunny, na ukishafika katikati unagundua kwamba ulishaacha kumuonea huruma. Una wasiwasi naye tu, kama unavyokuwa na shujaa yeyote.

Sasa mwendelezo. Kaka yake, Chukwu, anaenda chuo kikuu na kuangukia mikononi mwa genge la wanafunzi, wanampiga vibaya. Sunny ana nguvu, na ana hasira. Anazitumia nguvu hizo kumkomesha mkubwa wa genge. Msomaji unashangilia kabisa. Lakini jamii ya Chui ina sheria, na kutumia uchawi mbele ya wasiohusika ni kosa kubwa, kwa hiyo Sunny anaadhibiwa kwa kufungiwa kwenye chumba cha chini cha maktaba. Baadaye anatenganishwa na Anyanwu, ile nafsi yake ya kiroho ambayo kitabu kizima cha kwanza alihangaika kuipata.

Yaani ushindi wa kwanza unachukuliwa. Sunny lazima ajifunze yeye ni nani bila ile nguvu iliyomfanya awe shujaa. Mwaka 2018 kitabu hiki kilipata tuzo mpya ya vitabu vya vijana iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza sambamba na tuzo za Hugo. Msomaji alisubiri miaka sita kati ya cha kwanza na cha pili. Cha tatu, Akata Woman, kilikuja 2022.

Children of Virtue and Vengeance, Tomi Adeyemi (2019)

Huyu ni Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Kitabu chake cha kwanza, Children of Blood and Bone (2018), kilipiga kelele kote. Zélie anapigana kurudisha uchawi kwa watu wake walioonewa miaka mingi, na anafanikiwa. (Humo wenye uchawi wanaitwa "maji". Usishangae, hayana uhusiano na ya kunywa.)

Kitabu cha pili kinaanza na sikio lililokatwa. Uchawi umerudi kweli, lakini umewarudia pia baadhi ya watawala waliokuwa wakiwaonea, maana nao wana mababu wenye damu hiyo. Silaha uliyowatafutia wenzako sasa anayo na adui yako. Matokeo yake ni vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Wazo ni kali. Utekelezaji, kwa maoni yangu, unayumba katikati: wahusika wanabadilisha msimamo kila baada ya sura mbili na unaanza kuchoka nao. Lakini wazo lenyewe linatosha kukufikisha mwisho.

The Tombs of Atuan, Ursula K. Le Guin (1971)

Kizee, kifupi, na bado hakijapitwa. Kitabu cha kwanza, A Wizard of Earthsea (1968), kinamhusu kijana mchawi aitwaye Ged. Unafungua cha pili ukimtafuta Ged, humuoni. Unakutana na binti, Tenar, aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo ili awe kuhani wa nguvu za giza chini ya ardhi. Wamemnyang'anya hata jina. Wanamwita Arha, maana yake Aliyeliwa.

Aliyeliwa! Ni mtu aliye ndani ya tumbo la zimwi, na safari hii hadithi inasimuliwa kutoka humo ndani. Ged anakuja baadaye sana, akiwa mwizi gizani, na hatima yake iko mikononi mwa Tenar. Kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga, anza na hiki. Ni kifupi na sentensi zake ni safi.

Vingine kwa haraka

Prince Caspian cha C. S. Lewis (1951): watoto wanarudi Narnia baada ya mwaka mmoja wa kwao na kukuta kule imepita karibu miaka 1,300. Kasri walilotawala ni magofu. Hilo tu linatosha kukifungua.

Harry Potter? Cha pili ni cha kawaida. Cha tatu (1999) ndicho kilichopanda daraja, na angalia: Voldemort mwenyewe hatokei kabisa kupigana.

Kwa Kiswahili, mtu wa Ukerewe, Euphrase Kezilahabi, alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya mbili za ajabu ambazo mara nyingi husomwa na kuchambuliwa pamoja. Si za vijana, na ni ngumu. Ukishindwa ukurasa wa kumi, hauko peke yako.

Kabla hujalipa

Madukani kwetu vinauzwa zaidi daftari na vitabu vya mtaala, kwa hiyo wengi mtavisomea kwenye simu. Pakua kwanza sampuli ya bure, usome sura mbili ndipo uamue.

Na kuwa makini na majina. Akata Witch kimechapishwa pia kwa jina What Sunny Saw in the Flames, na Akata Warrior kwa jina Sunny and the Mysteries of Osisi. Ni vitabu vilevile. Ukiviona vyote vinne kwenye orodha, nunua viwili tu.