Aliyekufa Maji na Aliyebaki Akingoja

Hivi karibuni tulikuwa Korbesa, upande wa Merti katika kaunti ya Isiolo, nchi ya ngamia na mbuzi, ambako wengi bahari wameisikia tu. Baada ya swala ya adhuhuri mzee mmoja wa Kiborana alitujia na suala. Ami yake alikwenda vitani zama za Waingereza, kabla yeye mzee hajazaliwa, na ikaja habari ya mdomo tu kwamba amekufa maji. Je, yafaa sasa kumswalia swala ya ghaibu?

Jina la meli hakulijua, wala sisi hatudai kulijua. Lakini sisi watu wa pwani twaikumbuka moja, Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Kilindini tarehe 5 Februari 1944 katika msafara wa meli tano kwenda Colombo, ukisindikizwa na manowari. Ilichukua watu 1,511, na karibu 1,000 kati yao walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iitwayo I-27 iliipiga, na dakika tatu hazikupita ila meli imezama. Kisha likaja zito zaidi. Nyambizi ilikuwa imejificha chini ya wale waliokuwa wakiogelea; manowari zikaitupia mabomu ya majini, nao wamo mumo humo majini. Nyambizi ilizamishwa. Roho 1,297 zilipotea siku ile. Leo majina ya askari wa mizinga yamo katika ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita, barabara ya Ngong, Nairobi. Jina laweza kusomwa huko na jamaa wa mbali wasipate habari.

Tukamjibu mzee kama tulivyofundishwa. Mtume (s.a.w.) alimswalia Najashi hali ya kuwa mbali, na swala hiyo ni sahihi. Ila katika madhehebu yetu ya Shafii, kauli yenye nguvu ni kuwa mwenye kuiswali awe alikuwa mtu wa kuwajibikiwa na swala siku alipokufa maiti. Mzee hakuwa amezaliwa. Tukamwambia mlango wa dua na sadaka haukufungwa, na kwamba Muislamu aliyezama amehesabiwa na Mtume miongoni mwa mashahidi.

Akanyamaza kidogo, kisha akatoa lililomleta hasa. Ami yake aliacha mke. Mke yule hakuolewa tena hata alipokufa, kwani hakuna aliyemwendea akamwambia, "Umekuwa mjane." Sayyidna Umar (r.a.) alihukumu mke wa aliyepotea angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi. Wanazuoni wetu wengine wakasema angoje mpaka yakini ipatikane. Kwa kauli yoyote katika hizi, shauri lake lilistahili kufikishwa kwa kadhi, na halikufikishwa. Watu wa boma walimwita mwenye subira, wakaona yametosha.

Mzee akauliza kama naye aweza kuombewa pamoja na mumewe. Tukasema ndiyo. Ijumaa alichinja mbuzi, nyama ikagawanywa kwa mafakiri, na katika dua tuliwataja wawili wale kwa majina yao, mume kwanza, kisha mke.