Mbwa hulala nje, furaha yake huingia ndani

Sisi watu wa pwani, tuwe Zanzibar, Mombasa au huku Oman, tumelelewa na neno moja juu ya mbwa: najisi. Neno hilo lina mahali pake, wala silibishii. Lakini wengi wetu tumeshika hilo tu na kuacha mafundisho mengine, na matokeo yake twayaona kwa watoto. Wakimwona mbwa, ama hukimbia, ama huokota jiwe.

Mimi nafuga mbwa. Ni saluki, nilipewa na jirani mfuga ngamia hapa Batinah, nami nikamwita Barki, yaani umeme. Wenzangu wa barazani walicheka sana: "Maalim na mbwa, wapi na wapi?"

Basi nawajibu hapa. Kwanza, saluki si mgeni kwa Waarabu. Mabedui wamewinda naye sungura na paa kwa karne nyingi, tena wengi wao hawapendi aitwe "kalb" kama mbwa wa mtaani. Wao humwita "hurr", mwungwana. Akiwa mbioni hufika kama kilomita 65 kwa saa. Mwili wake mwembamba, mbavu zaonekana, na kila mgeni hunambia, "Mlishe mnyama huyo!" Anakula vizuri, jamani, ndivyo alivyoumbwa. Mwaka 1895 bibi wa Kiingereza, Florence Amherst, alianza kuwafuga kwao, na mwaka 1923 saluki wakatambuliwa rasmi Uingereza. Wazungu wamempenda mbwa wetu, sisi wenyewe twamkimbia.

Pili, dini. Suratul Maida, aya ya 4, imehalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda. Hadithi nazo zimeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Sisi wa Kishafii mbwa akiramba chombo twakiosha mara saba, moja kwa udongo. Wenzetu wa Kimaliki wao husema mbwa aliye hai ni twahara. Mwenye swali zaidi amwulize shekhe wake, mimi ni mwalimu tu.

Barki ana kazi yake shambani: mbweha waliokuwa wakitumalizia kuku siku hizi hawaonekani. Na mama watoto aliweka masharti matatu tangu siku ya kwanza. Haingii ndani, ana chombo chake peke yake, na kanzu ya msikitini haisogei bandani. Tumeishi hivyo kwa amani, na chanjo ya kichaa cha mbwa hatukosi.

Sasa furaha yenyewe. Mwalimu akistaafu, kengele hunyamaza. Miaka mingi watu walikusubiri asubuhi, halafu siku moja hakuna anayekusubiri. Watoto wana kazi zao Maskati na London, simu hupigwa Ijumaa. Barki hunisubiri kila siku. Nikirudi kuswali Alfajiri, nikabadili nguo, namkuta amesimama mlangoni mwa banda, mkia waenda huku na huku. Twatembea bondeni kabla jua halijawa kali, maana kiangazi cha huku lami huunguza nyayo za mbwa kama kikaango. Daktari hushauri mtu wa umri wangu atembee. Barki hashauri, hunikokota.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Nilisoma sekondari ya misheni, mapadri walifuga mbwa, nasi wanafunzi Waislamu tukipita mbali. Hofu ile twairithisha bila kujua. Mjukuu wangu wa miaka saba alikuwa akimwona Barki hujificha nyuma ya bibi yake. Nikamsimulia hadithi ya yule mtu aliyemkuta mbwa anaramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji akamnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Hakusema kitu. Siku hizi akija, kazi ya kujaza bakuli la maji ni yake, hakubali mtu mwengine aishike.

Silazimishi kila nyumba ifuge mbwa. Anataka nafasi, gharama na subira, na kwenye fleti za mjini saluki atateseka bure. Ila mtoto wako akiinama kuokota jiwe, mwambie aliache.