Utajiri Ukija, Moshi Huenda Wapi?

Mwaka 1991 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Gene Grossman na Alan Krueger, walilinganisha vipimo vya hewa vya miji ya nchi nyingi na pato la wananchi wake. Nchi maskini ikianza kupata, moshi na gesi ya salfa huongezeka. Pato likishafika dola elfu nne au tano kwa mtu kwa mwaka, kwa thamani ya dola ya 1985, uchafuzi huo huanza kupungua. Wanasiasa wakafurahi: tutajirike kwanza, usafi utakuja wenyewe.

Mkazi wa Voi, kwetu Taita Taveta nchini Kenya, asikubali haraka hivyo. Wachumi hao walitenga nguvu tatu: wingi wa kazi, aina ya kazi, na ufundi wa kuifanya. Wingi huchafua. Hizo mbili nyingine zinategemea nani ameamua nini.

Tazama SGR, reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa kwa mkopo wa China na kuzinduliwa Mei 2017. Kwa tani ileile ya mzigo, treni huchoma dizeli kidogo kuliko malori, na kila kontena linalopanda behewani ni lori moja lisilonguruma usiku barabarani pale Maungu. Ila injini zake ni za dizeli, katika nchi ambayo umeme wake mwingi hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo! Tanzania nayo ilikopa nje, lakini treni zake za Dar es Salaam hadi Dodoma, zilizoanza 2024, zinakwenda kwa umeme.

Tofauti hiyo inaingia kifuani. Vumbi jekundu la Tsavo unaliona kwenye shuka ulizoanika, na sehemu kubwa yake hunaswa puani. Masizi ya dizeli huyaoni: chembe zake ni ndogo kuliko sehemu ya ishirini ya unene wa unywele, hushuka hadi chini kabisa ya mapafu, na nyingine hupenya kwenye damu.

Moshi wa salfa ulipungua kwingine kwa sababu waliouvuta walilalamika mpaka sheria zikatungwa. Hewa ukaa haina mlalamikaji wa karibu, kwani anayeitoa hakohoi. Ndiyo maana ni vigumu kuuona mstari wake ukishuka. Hapa Kasigau, kampuni ya Wildlife Works imekuwa tangu 2011 ikiuza nje hati za kaboni ili miti isikatwe makaa. Miti inabaki, vijana wanapata ajira ya uaskari wa wanyamapori, na mnunuzi anaendelea kutoa moshi wake kwao. Mimi naiita biashara nzuri kwa Kasigau, wala si dawa ya moshi wa dunia.

Pwani kuna kisa kikali zaidi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu huko Owino Uhuru, Mombasa, kilikuwa chini ya mpango wa EPZ wa kuvutia wawekezaji. Kiliwaachia watoto madini ya risasi mwilini. Kilifungwa 2014, baada ya mwanaharakati Phyllis Omido na wenzake kupambana, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Pato la Kenya lilikuwa likipanda miaka hiyo yote.

Kwa hiyo mwekezaji wa chuma akija huku kwetu Kishushe, sheria ya mazingira ya 1999 inampa mwananchi nafasi ya kutoa maoni juu ya tathmini ya mradi kabla ya leseni. Anza na kurasa za maji na vumbi, kisha uliza mitambo itaendeshwa kwa nini.