Alama Ilikaaje?

Mwaka jana nikiwa BTP katika shule moja ya msingi nje ya mji wa Sumbawanga, mwanafunzi wa darasa la pili alikuja na mkono umeungua. Alisema kamwagikiwa na uji. Nikampa pole, nikaendelea na somo. Jioni shangazi yangu, ambaye ni muuguzi, akaniuliza, "Alama ilikaaje?" Sikuwa na jibu.

Ndipo akanieleza wanachoangalia hospitalini. Uji ukimwagika huacha michirizi na madoa yasiyo na mpangilio. Mkono uliotumbukizwa kwa nguvu kwenye maji ya moto huwa na mpaka uliokatika sawasawa, kama umevaa glovu. Mtoto akianguka huumia goti, kiwiko au paji la uso. Michubuko ya sikio, shingo au tumbo inatia shaka zaidi, na kichanga ambaye hata kutambaa bado hatarajiwi kuwa na mchubuko wowote.

Kisha wanapima maelezo. Yanaendana na jeraha? Mbona mtoto kaletwa siku ya tatu? Kuchelewa peke yake si ushahidi. Anayepanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa huenda alikosa nauli. Ila muda una maana: mtoto aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72.

Dalili si hukumu. Zikionekana, anaitwa afisa ustawi wa jamii na taarifa inafika dawati la jinsia na watoto la polisi. Daktari hujaza PF3, ambayo inaweza kuwa ushahidi mahakamani.

Tatizo ni kwamba hospitali inamwona yule tu aliyeletwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wengi wao walikuwa na mwalimu aliyewaona siku tano kwa wiki.

Wana-elimu wenzangu, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za mtoto kunyanyaswa aipeleke serikali za mitaa. Namba 116 ni ya bure. Hatutakiwi kuwa wapelelezi. Tunatakiwa kuangalia vizuri na kusema.

Mimi nilimaliza BTP bila kumuuliza tena yule mtoto. Huenda kweli ulikuwa uji. Sitajua.