Majiko ya infraredi: kibandiko kisiposomwa, mzigo unaweza kudoda mpakani

Mfanyabiashara anayeagiza majiko ya gesi ya infraredi kutoka China, Uturuki au Dubai kwa ajili ya wachoma nyama na wauza shawarma anaweza kupoteza faida yake yote kwa sababu ya kibandiko kidogo kilichopo nyuma ya jiko. Kibandiko hicho ndicho kinachoeleza jiko limetengenezwa kwa gesi gani, na si kila jiko linalouzwa bei nafuu Guangzhou linafaa kwa mitungi inayotumika Afrika Mashariki.

Majiko haya yanahitajika katika mabanda ya nje ya miji ya mipakani kama Busia, Malaba, Namanga na Tunduma, ambako madereva wa malori hula wakisubiri karatasi zao. Mkaa nao unazidi kubanwa. Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma mwaka 2018, na Tanzania ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa kuanzia Januari 2024. Mchoma nyama wa barabarani hakutajwa katika agizo hilo la Tanzania, lakini bei ya gunia anaiona mwenyewe.

Linavyofanya kazi

Jiko la gesi la kawaida hupasha hewa, na hewa hiyo ndiyo inayopasha nyama. Katika jiko la infraredi, gesi huchanganywa na hewa kwanza, kisha mchanganyiko hupita katika kigae cha kauri chenye matundu madogo mno, maelfu kwa maelfu, na kuwaka juu ya uso wa kigae hicho. Kigae hukolea na kuwa chekundu, joto lake likifika nyuzi 800 za Selsiasi na kuendelea, na hutoa mionzi ya joto kama makaa yaliyoiva vizuri. Kwa sababu hiyo mtu aliyezoea mkaa hulielewa jiko hili haraka kuliko lile la moto wa bluu.

Kichomeo cha namna hii kilianzia Ujerumani, kwa Günther Schwank, katika miaka ya 1930. Nchini Marekani, Bill Best wa kampuni ya Thermal Engineering Corporation alitumia mionzi hiyo kukausha rangi za magari kabla ya kuihamishia kwenye majiko ya kuchomea nyama. Leo viwanda vingi vinatengeneza vichomeo hivi, na ubora wake hutofautiana sana.

Kibandiko na tundu la gesi

Majiko mengi ya China hutoka kiwandani kwa aina mbili. Yale ya gesi asilia huandikwa 12T na shinikizo la 2000 Pa. Ya gesi ya mitungi huandikwa 20Y na shinikizo la 2800 Pa. Kwa soko la Afrika Mashariki, ambako karibu kila banda linatumia mtungi, jiko linalotakiwa ni la pili.

Tofauti hii si ya maandishi tu. Gesi ya mitungi ina nguvu ya joto takriban mara mbili na nusu ya gesi asilia kwa ujazo ule ule, kwa hiyo tundu la nozeli yake ni dogo zaidi. Jiko la gesi asilia likifungwa kwenye mtungi hupitisha gesi nyingi kuliko hewa iliyopo. Moto unakuwa wa njano, masizi yanajaa kwenye nyama, na hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi inaongezeka. Baadhi ya mafundi hujaribu kuziba tundu hilo kwa risasi na kulitoboa upya kwa sindano. Kazi hiyo haifai hata kidogo. Muagizaji aombe nozeli sahihi kutoka kiwandani, na aandike sharti hilo kwenye ankara kabla ya kutuma fedha.

Regulata nayo iende na jiko. Jiko la 2800 Pa linahitaji regulata ya shinikizo dogo, ile ya milibari 28 hadi 30. Regulata za shinikizo kubwa zinazofungwa kwenye majiko ya kukaangia chipsi husukuma gesi kwa nguvu hadi moto unaruka juu ya kigae badala ya kukaa juu ya uso wake, na kigae hakikolei. Mnunuzi husema jiko ni bovu wakati kosa liko kwenye regulata. Jambo jingine ni valvu: Kenya ilitaka valvu ya aina moja kwa mitungi ya nyumbani katika kanuni za mwaka 2009, lakini kwingine valvu hutofautiana kwa kampuni. Muuzaji wa Namanga anayehudumia pande zote mbili awe na regulata za aina zaidi ya moja dukani.

Kwenye miinuko hewa ni nyepesi, na jiko lililopimwa pwani haliwaki vilevile juu. Kanuni inayotumika Marekani, kwa maeneo yaliyo juu ya mita 600, ni kupunguza nguvu ya jiko kwa asilimia 4 kwa kila mita 300 kuanzia usawa wa bahari. Kwa mji kama Eldoret, ulio karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, hiyo ni karibu asilimia 28. Muuzaji aulize jiko linakwenda wapi.

Hesabu ya gesi

Kilo moja ya gesi ya mitungi ina takriban kilowati-saa 12.8. Kichomeo kimoja cha kilowati 4 kitakula kama gramu 310 kwa saa, hivyo mtungi wa kilo 15 utafanya kazi karibu saa 48. Mashine ya shawarma yenye vichomeo vinne vya ukubwa huo itaumaliza mtungi uleule kwa saa 12. Mtungi mdogo wa kilo 6 haufai kwa mashine hiyo hata ukijazwa kila siku, kwa kuwa gesi ikitoka kwa kasi mtungi hupoa hadi kutoa jasho, shinikizo hushuka na vigae hufifia katikati ya kazi. Mteja aelezwe hivyo kabla hajalipa.

Utunzaji

Kigae cha kauri kinastahimili moto lakini hakistahimili maji ya baridi. Ndoo ya maji ikimwagwa juu ya kigae chekundu, kinapasuka. Mvua ya ghafla hufanya vilevile, kwa hiyo banda la nje linahitaji paa, na ukingo upande unakotoka upepo. Ukingo usizunguke pande zote: hewa lazima ipite, na jiko hili lisiwashwe kamwe ndani ya kontena au kibanda kilichofungwa.

Mafuta yanayodondoka huungua yenyewe jiko likiachwa kwenye moto mkubwa dakika 5 hadi 10 baada ya kazi. Likishapoa, majivu hupulizwa au kufutwa kwa brashi laini. Brashi ya waya ni ya wavu wa kuchomea tu. Ikipitishwa kwenye kauri huziba na kuvunja matundu. Sehemu ya kigae inayobaki nyeusi wakati nyingine zimekolea imeziba. Ufa ni jambo zito zaidi, kwani moto hupita katika ufa na kuwaka nyuma ya kigae, mara nyingi kwa mlio wa "pap". Hapo gesi ifungwe mara moja na kigae kibadilishwe. Kukigandisha kwa saruji hakusaidii.

Jiko lililokaa stoo miezi kadhaa likaguliwe bomba la kuingizia hewa. Buibui hupenda kutaga humo, na utando mdogo unatosha kuurudisha moto nyuma. Viungo vya mpira wa gesi vipimwe kwa povu la sabuni kila mtungi unapobadilishwa.

Kwa wasafirishaji

Hasara kubwa ya bidhaa hii hutokea njiani. Vigae vya akiba vipangwe wima kama sahani kwenye kreti, si kulazwa na kubebeshwa mzigo, na dereva aandikishe hali ya maboksi anapopokea, maana kauri iliyopasuka haionekani kwa nje. Mitungi yenye gesi isichanganywe na shehena hiyo. Ni mzigo hatari wenye namba ya Umoja wa Mataifa 1075, husafirishwa ukiwa umesimama na una masharti yake.

Forodhani, swali la kwanza ni jiko ni la nyumbani au la biashara. La nyumbani, la chuma, huangukia kifungu 7321, wakati mashine ya kupikia ya hotelini au mgahawani, kama ya shawarma, huenda 8419.81. Viwango vya ushuru vinaweza kutofautiana, na wakala anayeandika "majiko" tu anaalika ubishi. Ni vyema kuomba uamuzi wa forodha kwa maandishi kabla meli haijatia nanga. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 hausaidii hapa, kwa kuwa ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, na jiko la Guangzhou halibadiliki asili kwa kununuliwa Kariakoo au Kampala.

KEBS, TBS na UNBS huendesha ukaguzi wa ubora kabla bidhaa haijapakiwa katika nchi inakotoka, kwa hiyo cheti kitafutwe mapema huko huko. Katika oda hiyo hiyo, muagizaji aongeze vigae vya akiba vya vipimo vile vile, kwa sababu kigae cha kiwanda kimoja mara nyingi hakiingii kwenye fremu ya kingine.