Mbona Mafuta Yako Turkana na Si Hapa Salgaa?

Kaa Salgaa nusu siku tu, utahesabu malori ya mafuta mpaka uchoke. Sasa jiulize: Salgaa iko ndani ya Bonde la Ufa, na Lokichar kule Turkana iko ndani ya Bonde hilo hilo. Mbona wao wana mafuta na sisi tunauza chai kwa madereva?

Jibu limewachukua wataalamu karibu miaka mia.

Mwanzoni walifuata macho tu: penye mafuta yanayovuja yenyewe, chimba. Miaka ya 1920, E. J. Wayland aliandika kuhusu mafuta yanayovuja kando ya Ziwa Albert, Uganda. Kisima cha Waki kikachimbwa 1938, lakini biashara haikutokea.

Mafuta ni mepesi kuliko maji, hivyo hupanda mpaka yazuiwe na mwamba usiopitisha kitu. Wakasaka mitego hiyo. Lakini mtego bila jiko ni bure! Swali likawa: yalipikwa wapi? Kwenye maziwa ya kale, mimea midogo ya majini ilizikwa topeni, ikapikwa polepole kwa mamilioni ya miaka, kwenye joto la kama nyuzi 60 hadi 120.

Ona Lokichar. Mwaka 1992 Shell ilichimba Loperot, ikaona dalili za mafuta, ikaenda zake. Mwaka 2006 Uganda ikapata mafuta Ziwa Albert. Tullow na Africa Oil wakabeba somo hilo hadi Turkana, wakachimba karibu na ufa mkubwa ulio ukingoni mwa bonde la Lokichar. Machi 2012, kisima cha Ngamia-1 kikajibu. Ardhi ni ile ile, kilichobadilika ni fikra.

Na hapa kwetu? Jirani yetu ni Menengai, volkano. Jiko likiwa moto kupita kiasi, mafuta huungua yakawa gesi. Lakini joto hilo hilo lina kazi: mwaka 2023 Menengai ilianza kutoa megawati 35 za umeme wa mvuke.

Kwa hivyo, broker akikupandishia bei ya ploti ati chini kuna mafuta, usibishane naye. Muulize maswali mawili tu: yalipikwa wapi, na yamenaswa na nini? Akikosa jibu, weka pesa yako mfukoni.