Bei Imo Kwenye Chenga

Mteja anayeingia dukani kwangu Mombasa huuliza mambo matatu: mchele huu ni wa wapi, unanukia, na mfuko ni bei gani. Wanaouliza swali ambalo mnunuzi wa Karachi huanza nalo kabla hata hajaketi ni wachache mno. Yeye huuliza: chenga asilimia ngapi? Mchele wa mbegu ile ile, kutoka shamba lile lile, ukiwa na chenga, yaani punje zilizokatika, asilimia 5 ni bidhaa moja, na ukiwa na asilimia 25 ni bidhaa nyingine kabisa, yenye bei yake na wanunuzi wake. Nimeuza mchele wa Pakistani kwa jumla tangu ujana wangu, na nimefika Punjab kuona unavyolimwa na kukobolewa. Kazi yote niliyoiona kule, kuanzia kwenye tope hadi kwenye kontena, ni kazi ya kuifikisha punje ikiwa nzima.

Wapakistani wenyewe si walaji wakubwa wa mchele. Chakula chao cha kila siku ni ngano, ile roti inayookwa asubuhi na jioni. Nchi huzalisha takribani tani milioni 10 za mchele katika mwaka mzuri, na sehemu kubwa yake hupakiwa melini. Ndiyo maana Pakistani imo katika safu ya mbele ya wauzaji wa mchele duniani, pamoja na India, Thailand na Vietnam, ingawa kuna nchi nyingi zinazoizidi kwa kulima.

Mchele huo ni wa namna mbili, na hutoka sehemu mbili zisizofanana. Kusini, katika mkoa wa Sindh, pande za Larkana, Jacobabad na Badin, hulimwa mchele usio na harufu, hasa IRRI-6, mbegu yenye asili ya taasisi ya utafiti ya Ufilipino. Huo ndio mchele mweupe wa bei nafuu unaolisha shule, hoteli ndogo na nyumba nyingi za pwani yetu. Kaskazini, Punjab, kati ya mito Ravi na Chenab, ndiko kwenye basmati: Gujranwala, Hafizabad, Sheikhupura, Sialkot, Narowal. Udongo wa huko ni mzito, unashika maji, na usiku wa Oktoba huanza kupoa wakati punje inajaa. Wakulima watakwambia kwamba harufu huletwa na baridi hiyo, na kweli basmati ile ile ikipandwa kwenye joto la Sindh hainukii vivyo hivyo.

Msomaji wa Kenya ana undugu na ardhi ile asioufahamu. Nje kidogo ya Lahore kuna kituo cha utafiti cha Kala Shah Kaku, kilichoanzishwa mwaka 1926. Hapo ndipo ilipochaguliwa Basmati 370, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1933. Mbegu hiyo ndiyo inayopandwa Mwea hadi leo, na ndiyo pishori tunayojivunia. Wenyewe kule wameshaiacha kwa kiasi kikubwa, kwa sababu ni ndefu, huanguka kwa upepo na mazao yake ni haba. Mwaka 1996 walitoa Super Basmati, fupi ya shina na yenye kuzaa zaidi, na baadaye ikaja 1121, maarufu huko kwa jina la Kainat, ambayo punje yake ikipikwa hurefuka mpaka mpishi wa harusi anatabasamu.

Kazi shambani huanza na kitalu mwishoni mwa Mei. Mwezi Juni na Julai, jua likiwa kali kupita la Mombasa yetu ya Februari, wanawake huinama kwenye maji kupandikiza miche. Hulipwa kwa ekari, si kwa siku, kwa hiyo hakuna anayenyoosha mgongo bila sababu. Nilisimama ukingoni nikamtazama mama mmoja mwenye kishungi cha miche mkono wa kushoto: kidole gumba cha kulia kinasukuma mizizi topeni, anarudi hatua nyuma, anasukuma tena. Mwenye shamba alilalamika kwamba wakipewa kazi kwa ekari hupanda miche kwa kuachanisha mno, na shamba lenye nafasi hutoa mavuno kidogo. Nikamuuliza kwa nini basi asiwalipe zaidi wapande kwa karibu. Hakunijibu, akageukia pampu yake.

Ile pampu ina habari yake. Zamani basmati iliishi kwa mifereji iliyochimbwa tangu enzi ya Waingereza kutoka mto Chenab. Leo maji ya mfereji hayatoshi, na karibu kila shamba lina kisima cha bomba kinachovuta maji ya chini kwa dizeli, umeme au sola. Maji hayo yanazidi kushuka, kisima kinazidi kuchimbwa, gharama inazidi kupanda. Juu ya hapo kuna siasa. Mkataba wa Indus wa mwaka 1960 uliipa India mito ya mashariki, Ravi ukiwemo, na Pakistani ikapewa Indus, Jhelum na Chenab. Aprili 2025 India ilitangaza kuusimamisha mkataba huo. Mkulima wa Hafizabad anayeutegemea Chenab husikiliza habari hizo kama sisi tunavyosikiliza bei ya mafuta.

Sasa tufike kwenye mavuno, maana hapo ndipo punje inapookoka au inapoharibika. Mpunga unaovunwa kwa wakati wake bado una unyevu wa asilimia 20 au zaidi. Ili ukobolewe na kuhifadhiwa salama, lazima unyevu ushuke hadi kama 13. Swali ni unashukaje. Ukiuacha ukaukie kwenye bua, jua la mchana linaukausha na umande wa usiku unaulowesha, na punje ndani ya ganda inapata ufa mwembamba kama unywele. Huwezi kuuona kwa nje. Ukimenya ganda na kuinua punje kwenye mwanga, unaona mstari mweupe umeikata katikati. Punje ile ni nzima kwa macho tu. Ikiingia mashineni, inakatika vipande viwili.

Kila mkulima anajua kwamba dawa yake ni kuvuna mapema na kukausha polepole. Lakini Novemba ni lazima apande ngano kwenye shamba lile lile, na ngano ikichelewa, nyumba haina mkate. Anakodi kombaini, na nyingi ya mashine hizo zilitengenezwa kwa ajili ya ngano. Meno yake hupiga mpunga kwa nguvu kupita kiasi. Mabua yanayobaki huchomwa ili shamba liwe wazi haraka, na moshi wake huchangia ukungu mchafu unaoiziba Lahore kila Novemba. Mpunga mbichi hupakiwa kwenye trela siku hiyo hiyo na kupelekwa sokoni.

Sokoni mkulima anangojwa na dalali, anayeitwa arhti. Huyu ndiye aliyemkopesha mbolea, dawa na dizeli tangu Juni. Nilimwona akizamisha mkono kwenye lundo, akatoa punje, akaitia jinoni. Ikibonyea, unyevu ni mwingi. Ikilia, mpunga umekauka. Kwa jino lile alikata uzito wa shehena nzima, kisha akatoa deni lake, riba yake na ushuru wa soko. Mkulima alisimama kando, mikono nyuma. Hakuwa na mahali pa kukaushia, hakuwa na ghala, na trela lilikuwa la kukodi. Hata bei ya mchele wa dunia ipande kiasi gani, mtu asiye na mahali pa kuuweka mpunga wake kwa wiki mbili hataipata. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona hali hiyo hiyo kwa wakulima wetu.

Kinuni mambo hubadilika. Mpunga huingia kwenye vikaushio virefu vinavyochochewa kwa maganda ya mpunga wenyewe. Hutolewa vumbi, mabua na mawe. Kisha hupita kati ya roli mbili za mpira zinazozunguka kwa kasi tofauti, na ganda hutoka bila punje kupigwa. Hapo unapata mchele wa kahawia. Mashine za kusugua huondoa pumba kidogo kidogo, kwa hatua kadhaa, kwa sababu ukisugua kwa mara moja punje inapata moto na kupasuka. Baada ya kung'arishwa, mchele huingia kwenye mitungi inayozunguka yenye vishimo ndani yake: vipande vifupi hunasa na kuinuliwa, punje ndefu huteleza. Mwisho, kamera huitazama kila punje inayodondoka, na nyeusi au ya manjano hupulizwa kando kwa hewa. Fundi aliyenizungusha aliokota chenga tatu sakafuni akaziweka kiganjani mwangu, akasema hiyo ndiyo faida yake imelala chini.

Hakutia chumvi. Katika kilo 100 za mpunga, karibu 20 ni maganda na karibu 10 ni pumba. Mchele ni kilo 65 hadi 70, lakini kwa basmati punje nzima zinaweza zisifike 50. Zinazobaki ni chenga. Tofauti ya kilo mbili au tatu za punje nzima ndiyo inayoamua kama kinu kitafunguliwa mwakani.

Chenga hazitupwi. Senegal, kwa mfano, hupendelea chenga na huzitumia kupikia wali wao wa samaki, mazoea ya tangu Wafaransa walipokuwa wakileta chenga kutoka Indochina. Nyingine husagwa unga au huwa chakula cha mifugo. Nchi za Ghuba hutaka punje ndefu, na nyingi hupenda sella, yaani mchele uliolowekwa na kufukizwa mvuke ukiwa bado na ganda. Mvuke ule huziba nyufa na punje inakuwa ngumu, haivunjiki kirahisi, na sufuria kubwa la biriani halitoki uji. Ulaya hununua basmati ya kahawia, kwa sababu aina zilizoidhinishwa huingia bila ushuru zikiwa za kahawia, ilhali nyeupe hutozwa. Kwa hiyo hatua ya mwisho, ile yenye faida nono, hufanyika kwenye vinu vya Ulaya. Basmati bora hulazwa mwaka mzima au zaidi kabla ya kuuzwa, maana ikiwa mpya hushikana. Ukiona mchele wa mwaka jana unauzwa ghali kuliko wa mwaka huu, hujaibiwa.

Kutoka Punjab hadi bandari za Karachi na Port Qasim ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa lori. Kontena la futi 20 hubeba tani 25 hivi, sawa na mifuko 1,000 ya kilo 25. Huwekewa karatasi pembeni ili jasho la chuma lisilowanishe mifuko, na hufukizwa dawa ya wadudu.

Nasi Mombasa tunayahisi yote yanayotokea kule. Mafuriko ya mwaka 2022 yalizamisha mashamba ya Sindh, na mavuno ya nchi yakashuka kutoka zaidi ya tani milioni 9 hadi kama milioni 7. Julai 2023 India ikapiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati, na wanunuzi wa dunia nzima wakakimbilia Karachi. Mwaka huo wa fedha Pakistani iliuza nje kama tani milioni 6. Wao walifurahi. Hapa wateja wangu walinunua nusu mfuko badala ya mfuko.

Kuna pia chai. Pakistani ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, na ndiyo sababu kuu mchele wao umekuwa ukitozwa hapa asilimia 35, wakati ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia 75. Mkulima wa chai wa Kericho anafaidika, wa mpunga wa Mwea anabanwa. Mwaka 2025 serikali ilipotangaza kuruhusu tani 500,000 ziingie bila ushuru wowote, suala lilifika mahakamani Kerugoya. Mimi ni muuzaji wa mchele wa nje, na bado nasema wakulima wa Mwea wana haki ya kusikilizwa, hasa mchele wao unapokuwa bado ghalani bila mnunuzi.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni udanganyifu wa chenga. Niliwahi kupokea kontena ambalo mkataba wake ulisema asilimia 5, na mifuko ilipofunguliwa chenga zilikuwa mara tatu ya hapo. Tangu hapo sipakii bila mkaguzi wa kujitegemea na sampuli iliyotiwa lakiri. Wapo pia wanaochanganya humu humu nchini: IRRI kidogo ndani ya basmati, au mchele wa Pakistani kwenye mfuko ulioandikwa pishori ya Mwea. Mama wa nyumbani hulipa bei ya punje nzima, akapata uji.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, wewe unayenunua. Kiwango cha Afrika Mashariki hupanga mchele kwa madaraja, na chenga ni kigezo kimojawapo. Kabla ya kulipa, omba gao moja, litandaze kwenye sahani au ungo, hesabu punje 100. Punje ambayo haifiki robo tatu ya urefu wake, ihesabu kuwa chenga. Zikipita kwa mbali kiwango kilichoandikwa mfukoni, dai bei ipunguzwe au uende duka jingine. Na kama mfuko haukuandikwa chochote, muulize mwenye duka, kisha umwambie akuandikie jibu lake kwenye risiti.